Mzigo Ukipotea Njia ya Kasulu Nani Anakula Hasara? Stori Ilianza Zamani, na Livingstone Alilia

Pesa imeshatumwa kwa simu. Muuzaji wa Kariakoo kaonyesha picha ya risiti ya basi. Mteja yupo Kibondo, basi limeingia asubuhi, mzigo haupo. Muuzaji anasema, "Mimi nilishakabidhi, dada, risiti hiyo hapo." Ofisi ya basi nayo inasema, "Hatujauona, labda umeshushiwa Kakonko." Konda kapumzika na simu kazima.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Nani alipe? Aliyetuma, aliyebeba au aliyekuwa anasubiri?

Watu wengi wanadhani balaa hili limeletwa na biashara za mtandaoni. Wapi! Kwenye nchi hii ya milima ya Kigoma, swali hilo limeulizwa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kipindi hicho hakukuwa na basi, stempu wala namba ya kufuatilia mzigo. Kulikuwa na vichwa vya wapagazi na imani tu.

Mteja wa kwanza kulizwa Ujiji

Machi 1869, mzee mmoja Mskoti aliingia Ujiji akiwa mgonjwa hoi. Jina lake David Livingstone. Kilichompa nguvu ya kutembea ni kwamba kule Ujiji kulikuwa na mzigo wake kutoka Zanzibar: nguo na shanga. Siku hizo nguo na shanga ndizo zilikuwa pesa. Bila hizo hununui hata muhogo.

Alipofika alikuta mzigo umeshaliwa. Kwa hesabu aliyoandika kwenye shajara yake, kati ya majora 80 ya merikani, majora 62 yalikuwa yameibwa, pamoja na sehemu kubwa ya shanga zake nzuri. Dawa alizokuwa anazihitaji kuliko kitu chochote zilikuwa zimekwama Unyanyembe, kule Tabora, maana njia haikupitika kwa sababu ya vita.

Mzee akakaza roho. Akaagiza tena na kuvuka ziwa kwenda Manyema. Aliporudi Ujiji Oktoba 1871, amekonda na hana kitu, alijua safari hii mambo yatakuwa sawa. Mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, John Kirk, alikuwa ametuma mzigo mwingine, na mtu wa kuusimamia aliitwa Sherif.

Kumbe Sherif alikuwa ameshauza kila kitu. Yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga zote zilikwenda kwa watumwa na pembe za ndovu. Hakubakiza hata yadi moja wala kete moja ya shanga. Utetezi wake? Alipiga ramli kwa kitabu, ramli ikamwambia Livingstone ameshakufa. Sasa mtu akishakufa mzigo wake unamsubiri nani? Jamaa akafungua duka.

Livingstone anaandika kwamba Sherif alikuja kumpa mkono bila aibu hata kidogo.

Sasa tazama mnyororo ulivyokuwa. Kirk akampa kazi Ludha Damji, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Zanzibar. Ludha akatoa mali na watu wa kubeba, kisha msimamizi akaondoka nao. Ni mikono minne kabla mzigo haujafika Ujiji. Ulipopotea, kila mkono ulionyesha mkono mwingine. Livingstone alilaumu wabebaji na matajiri waliowatoa. Henry Morton Stanley, aliyemkuta Ujiji siku chache baadaye, akamlaumu Kirk hadharani. Kirk alijitetea.

Aliyekula hasara ni yule yule aliyekuwa mwisho wa mnyororo. Livingstone alibaki kuwa ombaomba mpaka Stanley alipofika na mizigo yake mwenyewe. Stanley alileta pia mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Msafara uliochukua mfuko huo ulikaa Bagamoyo miezi kama mitatu bila kusogea. Barua zikamfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima.

Hongo za Uha

Kabla ya kufika Ujiji, Stanley alipita kusini mwa Uha, nchi ya Waha. Uha haikuwa nchi ya mfalme mmoja. Kulikuwa na Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko na nyingine, kila moja na Mwami wake. Kila mtawala na kila mkubwa wa njiani alikuwa na haki ya kudai hongo.

Neno hilo leo linanuka rushwa, lakini enzi hizo lilikuwa ushuru wa njia. Mkubwa mmoja aliyeitwa Mionvu alimtoza Stanley doti 75 za nguo. Doti moja ni yadi nne, yaani yadi 300 zilikwenda hapo hapo. Kituo kilichofuata wakadai tena. Stanley aliposikia mbele kuna wengine wanamsubiri, alitafuta mwongoza njia na kuwapitisha watu wake porini usiku kimya kimya ili asilipe.

Kwa Mwami hii haikuwa wizi. Ukipita kwake ukala chakula chake na kunywa maji yake, unalipa. Hongo nayo ilikuwa na maana: aliyelipa alipita chini ya jina la mwenye nchi. Kwa mwenye mzigo kule pwani, hesabu ilikuwa nyingine. Mzigo ulioondoka Bagamoyo ukiwa mia haukufika mia hata kama hakuna aliyeiba. Ulipungua kila kituo, na upungufu huo ulikuwa wake.

Na mpagazi je? Huyu ndiye mtu ambaye vitabu vingi havimtaji jina. Alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na kitu, kichwani au begani, kwa miezi. Mzigo ukilowa mtoni, wa kwanza kufokewa ni yeye. Akitoroka, mshahara wake unaliwa. Akifa, mzigo unahamia kwa mwenzake na safari inaendelea.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliochukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Zanzibar nao walijua kitu kimoja: mzigo unaweza kufa njiani, deni halifi. Ndiyo maana mikopo ya safari za bara ilikuwa ghali. Tajiri alishaiweka hatari ya njia kwenye bei kabla msafara haujaondoka.

Ulaya wakaja na karatasi

Wakati Livingstone analia Ujiji, Ulaya ilikuwa inalitafutia dawa tatizo hilo hilo. Tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilikutana Bern, Uswisi, zikatia saini mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani. Mkataba huo uliweka kanuni hii: barua ya rejista ikipotea, posta ya nchi iliyoipoteza inalipa fidia ya faranga 50. Na fidia hiyo analipwa aliyetuma, labda yeye mwenyewe aombe ilipwe kwa mpokeaji.

Soma tena sentensi hiyo, maana mpaka leo inaumiza watu. Anayelipwa ni mtumaji. Yule aliyekaa Kasulu akisubiri hakuwa na mkataba wowote na posta.

Wajerumani walifungua ofisi zao za mwanzo za posta Bagamoyo na Dar es Salaam Oktoba 1890. Kutoka hapo barua zikaanza kupanda bara kwa miguu ya matarishi. Februari 1914 reli ya kati ikafika Kigoma. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku, ila ni mpaka stesheni tu. Kutoka stesheni kupanda Kasulu, na mbele zaidi Kibondo, mzigo ulirudi palepale kwenye kichwa cha mtu.

Vita ikaja. Kuanzia 1916 mpaka 1921 Kigoma ilikuwa chini ya Wabelgiji, na barua zikabandikwa stempu za Kongo zilizogongwa maandishi ya utawala wa Ubelgiji. Kisha Mwingereza akapokea. Ndani ya miaka saba serikali za posta tatu zilipita sehemu moja! Mtu aliyepoteza kifurushi katikati ya hapo angemdai nani?

Hukumu ya 1701 iliyofika mpaka Kasulu

Mwingereza hakuja na stempu peke yake. Alikuja na sheria zake. Kwa Tanganyika, sheria ya mazoea ya Uingereza ilipokelewa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Maana yake ugomvi wa Waingereza wa karne nyingi nyuma ukawa na uzito mahakamani huku kwetu.

Ugomvi mmoja ni wa 1701. Mtu alituma hati za fedha za serikali kwa posta ya London, barua ikafunguliwa na hati zikaibwa. Akawashtaki wakuu wa posta. Majaji wengi wakasema hapana, posta ni kazi ya serikali, si mbeba mizigo wa kawaida, haidaiwi. Jaji Mkuu Holt peke yake akapinga. Hoja yake ilikuwa ya mtaani kabisa: kama unachukua pesa ya watu kubebea barua zao, lipa zikipotea. Akashindwa.

Kwa mbeba mizigo binafsi mambo yalikuwa tofauti. Huyo alibanwa kweli kweli: mzigo ukipotea mikononi mwake alilipa hata kama hakufanya uzembe, isipokuwa umepotezwa na nguvu ya Mungu, maadui wa mfalme au kosa la mwenye mzigo. Wenye magari ya farasi wakalalamika kwamba watu wanaficha dhahabu kwenye maboksi ya kawaida, yakipotea wanadai mamilioni. Bunge la Uingereza likawasikia. Sheria ya 1830 ikasema kwa vitu vya thamani kama vito, saa na fedha vinavyozidi paundi 10: kama hukutaja thamani wakati wa kukabidhi, usidai.

Sasa angalia nyuma ya risiti nyingi za mizigo ya mabasi. Yale maandishi madogo yanayosema ofisi haitahusika na mzigo ambao thamani yake haikutajwa ni mjukuu wa sheria ile ya 1830. Kasafiri mbali, lakini sura ni ile ile.

Kutoka S.L.P. hadi ofisi ya basi

Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na huduma ikaendelea hivyo mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Likaja Shirika la Posta na Simu Tanzania. Mwaka 1994 simu na posta zikatengana, ndipo likabaki Shirika la Posta Tanzania tunalolijua.

Kwa miaka yote hiyo, mwananchi wa vijijini hakuletewa barua mlangoni. Sanduku moja la shule au la parokia lilihudumia kijiji kizima. Posta ilihesabu kazi yake imeisha barua ilipoingia kwenye sanduku. Kutoka hapo mpaka mkononi kwa mwenye jina kulikuwa na mwalimu, katekista, mwanafunzi anayerudi nyumbani na mfuko wake wa shati. Barua yenye pesa ya mtoto aliyeko mjini ikipotea kwenye hatua hiyo ya mwisho, hakuna fomu ya kujaza. Unameza tu.

Kisha yakaja mabasi. Dar mpaka Kibondo ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na basi linafika haraka kuliko kitu kingine. Watu wakahamia huko. Mzigo unapewa namba kwa kalamu ya wino, unaingia buti, mtu unampigia simu apokee. Rahisi, na mara nyingi unafika salama. Ila ulinzi uliokuja na rejista ya posta, yaani kitabu, sahihi na fidia iliyoandikwa, wengi waliuacha nyuma bila kujua.

Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jaribio: boksi la sigaa

Tuchukue mfano mmoja wa kuipima sheria. Boksi la sigaa, zile sigara nene za jani tupu zisizo na karatasi. Boksi la kawaida lina sigaa 25. Ni dogo, jepesi, bei imesimama, linanukia mpaka nje ya kasha, na ukishavuta ushahidi unakuwa majivu. Mwizi anataka nini zaidi? Kuna bwana harusi Kasulu kaagiza boksi moja la kuwatuliza wazee. Halikufika.

Kwanza, ameagiza kwa muuzaji wa Dar. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imefuata ile ya Uingereza ya 1893. Kanuni yake kwa lugha rahisi: hatari inakwenda na umiliki. Na kama hamkukubaliana vingine, muuzaji akishamkabidhi mbebaji bidhaa kwa ajili ya mteja, kwa kawaida inahesabika amemkabidhi mteja mwenyewe. Maana yake, pale buti la basi lilipofungwa Dar, sigaa zilikuwa tayari za bwana harusi, na hasara ni yake.

Lakini muuzaji hachomoki kirahisi. Sheria inamtaka afanye mpango wa maana na mbebaji kulingana na aina ya mzigo. Kama ametupa boksi la bei mbaya kwenye buti bila kutaja thamani wala kudai risiti ya maana, mteja anaweza kukataa kuhesabu kwamba alikabidhiwa. Na kama muuzaji aliahidi "nakufikishia mpaka Kasulu", hayo ni makubaliano mengine, hatari inabaki kwake mpaka Kasulu. Ujumbe wa simu unaosema hivyo una thamani kuliko picha ya risiti.

Waingereza wenyewe, waliotuachia kanuni hii, wameshaigeuza kwa wateja wa kawaida. Chini ya sheria yao ya 2015, mzigo ni wa hatari ya muuzaji mpaka mteja aushike mkononi, isipokuwa mteja alichagua mbebaji wake mwenyewe. Sisi bado tunaishi na ile ya babu yao.

Pili, mbebaji. Chini ya Sheria ya Mikataba, mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anatakiwa aitunze kama mtu makini angetunza mali yake mwenyewe. Ikipotea mikononi mwake, yeye ndiye anayepaswa kueleza imekwendaje. "Sijui" siyo maelezo. Wasafirishaji wa vifurushi na barua wanatakiwa wawe na leseni ya TCRA, na mteja asiyeridhika anaanza kulalamika kwa mtoa huduma, kisha TCRA. Tatizo ni kwamba mzigo aliopewa konda mkononi kwa shilingi elfu tano bila risiti hauna karatasi ya kuanzia. Hapo umemwamini mtu, hukufunga mkataba na kampuni.

Tatu, boksi limetoka nje ya nchi kwa posta. Kwa viwango vilivyozoeleka vya Umoja wa Posta Duniani, kifurushi kikipotea fidia ni hadi SDR 40, na SDR 4.50 kwa kila kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF chenye thamani kubwa kuliko dola ya Marekani. Boksi la kilo moja linapata SDR 44.50, hata kama sigaa zenyewe ziligharimu mara tano yake. Ukitaka zaidi, unakatia bima kwa thamani uliyotaja. Madai yafunguliwe ndani ya miezi sita. Na anayelipwa, kama ilivyokuwa 1874, ni mtumaji, mpaka yeye aachie haki yake kwa mpokeaji. Bwana harusi anaweza kupiga kelele dirishani mpaka jioni. Mwenye ufunguo ni aliyetuma.

Nne, forodha. Tumbaku inalipiwa ushuru. Mtumaji mjanja akiandika "zawadi, vitabu" ili kukwepa, mzigo ukakamatwa, hiyo siyo kupotea. Hakuna fidia kwa mzigo ulioshikwa kisheria au uliotajwa kwa uongo. Hapo mjanja kajila mwenyewe.

Wanaojua somo hili bila kusoma sheria

Kuna watu Kibondo na Kasulu ambao hawahitaji kuelezwa habari ya nani anabeba hatari na mpaka wapi. Ni wakulima wa tumbaku.

Jani likiwa shambani, kwenye bani la kukaushia au kwenye mtumba linasubiri soko, ni la mkulima. Mvua ikipiga, moto ukishika bani, mkulima ndiye anayelia, na deni la mbolea liko palepale. Siku ya soko jani linapangwa daraja, linawekwa kwenye mzani, karatasi inaandikwa. Likishapimwa na kuandikwa, limehama. Lori likipinduka baada ya hapo ni shida ya mnunuzi. Ndiyo maana siku ya soko mkulima haondoki kwenye mzani hata kwa dakika moja. Anajua mstari uko wapi.

Livingstone hakuwa na mstari. Mzigo wake ulipita mikono minne na hakuna karatasi iliyosema mkono upi unalipa. Sherif alijua hilo, na ndiyo maana aliweza kuja kumpa mkono.

Mteja wa leo anaweza kuuchora mstari wake kwa maswali matatu kabla ya kutuma pesa. Mzigo ni wa nani ukiwa njiani? Thamani imetajwa kwenye risiti au imeandikwa "boksi 1" tu? Ukipotea, nani ana haki ya kudai, na kwa karatasi ipi? Muuzaji akijibu matatu hayo kwa maandishi, hata basi likichelewa kuna pa kuanzia. Akijibu "usijali boss, tunaaminiana", hatari ya njia yote, kuanzia Dar mpaka Kasulu, imeshahamia kwako na bado hujaona hata boksi.